Mdogo wangu ana OCD na sasa amekuwa mkali kupindukia. Hasira hizi zina uhusiano na kujiua?

Mwanandugu (mleta mada)
Salaam wakuu. Naomba tujadili kwa utulivu, jambo hili liko ndani ya nyumba yetu.

Mdogo wangu ana miaka 24. Miaka miwili iliyopita daktari alimwambia ana OCD, ule ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na matendo ambayo mtu anajiona ni lazima ayafanye. Yeye hakagui milango wala hanawi mikono kutwa. Yeye anauliza. "Una hakika sikumgonga mtu njiani?" "Una hakika sikusema neno baya?" Unamjibu, anatulia, dakika tano hazijaisha anauliza tena.

Hilo tulishalizoea. Kilichotushtua ni ukali. Huyu ni kijana mpole tangu utotoni, lakini miezi hii mitatu ukimkatiza anafoka, anapiga meza, na juzi alimtolea mama maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baadaye akalia sana, akasema: "Mngepumzika kama nisingekuwepo."

Nimewahi kusikia kwamba wenye OCD hawajiui kwa sababu wanaogopa madhara kuliko mtu yeyote. Ni kweli? Na hasira hizi ni ugonjwa wenyewe, ni dawa, ni tabia, au ni dalili ya jambo kubwa zaidi?

#2 Jongoo_Mwitu
Pole mkuu. Ulivyosikia ndivyo ninavyojua na mimi. OCD ni ugonjwa wa woga. Mtu anayerudi mara 20 kuangalia kama amezima moto, atajiua vipi? Hasira itafutiwe sababu nyingine, labda mapenzi au kazi.

#3 Mchanganuzi
Jongoo, dhana hiyo hata madaktari walikuwa nayo kwa miaka mingi, na imeanguka. Sweden walipitia rekodi za watu zaidi ya 10,000 wenye OCD wakakuta vifo vya kujiua ni mara 10 kuliko kwa watu wengine.

#4 Ukurasa_wa_Nyuma
Mchanganuzi yuko sahihi kwenye mara 10, ila idadi ameipunja. Walikuwa watu 36,788, rekodi za 1969 hadi 2013, na matokeo yalichapishwa 2017. Waliokufa kwa kujiua ni 545, waliojaribu ni 4,297. Hatari ya kufa ilikuwa kama mara 10, ya kujaribu kama mara 5. Walipoondoa mchango wa magonjwa mengine ya akili namba zilishuka, lakini hazikurudi kwenye kawaida.

Mleta mada, usisome "mara 10" ukakosa pumzi. 545 kati ya 36,788 ni chini ya 2 katika kila 100. Wengi mno wanaishi. Kilichotabiri kifo kuliko vyote ni kama mtu aliwahi kujaribu kabla. Mdogo wako amewahi?

#5 Muuguzi_wa_Zamu
Takwimu zina muda wake. Mwanandugu, mdogo wako ametamka kwamba mngepumzika asingekuwepo. Leo hii, mkiwa wawili tu, muulize kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Usizunguke na "unajisikiaje". Akikubali, muulize kama ameshafikiria namna na wakati. Kama jibu ni ndiyo, usimwache peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe kwa wataalamu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

#6 Jongoo_Mwitu
Muuguzi, kwa heshima zote, kumuuliza hivyo si ndiyo kumpa wazo? Na hasa mtu ambaye wazo likimwingia halitoki!

#7 Muuguzi_wa_Zamu
Hofu hiyo ninaiheshimu, tulikuwa nayo hata sisi wa wodini. Lakini imepimwa. Mwaka 2005 Marekani walitoa matokeo ya wanafunzi 2,342 wa sekondari: nusu waliulizwa kuhusu kujiua, nusu hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuwa na dhiki zaidi wala mawazo zaidi, na wale waliokuwa tayari na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au waliowahi kujaribu ndio walioonekana kupata nafuu kidogo. Kama wazo lipo, lipo. Ukiuliza unampunguzia upweke wa kulibeba.

#8 Sauti_ya_Chini
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu nina OCD mwaka wa 11 sasa, na hasira hiyo naijua.

Watu wanadhani tunakasirika kwa sababu tumekatizwa. Si hivyo tu. Ninapofanya tendo langu, kichwani kuna hesabu inaendelea: nikiikamilisha sawasawa, mama hatakufa. Najua ni upuuzi, na najua kabisa wakati ninafanya. Sasa wewe unaingia, unasema "acha basi, twende". Kwako umesema maneno matatu. Kwangu umemsukuma mama shimoni na inabidi nianze upya. Ule ukali unatoka hapo, ni mtu anayemvuta mwenzake asidondoke.

Halafu inakuja ya pili, ambayo ndiyo mbaya. Baada ya kufoka unajiona ulivyo. Umemtukana mtu unayemlinda. Mimi mawazo ya kujiua hayakunijia wakati wa hofu hata siku moja. Yalinijia baada ya hasira, kwenye aibu.

#9 Mama_Wawili
Sauti, mwanangu. Asante. Nimesoma mara tatu.

#10 Mpasuaji_Hoja
Mada hii ina baba yake. Freud, yule daktari wa nafsi wa Vienna, aliandika mwaka 1919 kuhusu mgonjwa wake aliyeteswa na mawazo kwamba baba yake na mchumba wake watapatwa na adhabu ya kutafunwa na panya. Maelezo yake: ndani ya OCD kuna chuki iliyozikwa. Unampenda mtu na unamchukia kwa wakati mmoja, chuki unaifukia, inarudi kama hofu ya kumdhuru. Kwa hiyo hasira ya mdogo wako ilikuwepo siku zote, sasa imevunja mlango. Na kujiua ni chuki hiyo hiyo iliyogeuziwa ndani.

#11 Ukurasa_wa_Nyuma
1909, si 1919.

#12 Mpasuaji_Hoja
Ahsante mkaguzi wetu, 1909. Hoja inasimama.

#13 Kalamu_Kavu
Inasimama kwa mguu mmoja. Nasoma saikolojia tiba, mwaka wa mwisho, na hapa napinga kwa nguvu kwa sababu maelezo haya yamewaumiza wagonjwa. Mtu anakuja akitetemeka kwa wazo la kumdhuru mtoto wake, unamwambia "ndani yako unamchukia". Umemthibitishia hofu yake.

Mwaka 1978 wanasaikolojia Rachman na de Silva waliwauliza watu wazima wasio na ugonjwa wowote, wakakuta wengi wao, karibu 8 kati ya 10, wanapata mawazo ya ajabu yale yale: kumsukuma mtu, kusema tusi mahali patakatifu. Tofauti ni kinachofuata. Asiye na ugonjwa anasema "wazo gani hili" na kuendelea na shughuli zake. Mwenye OCD anaamini kuwaza ni nusu ya kutenda, na kwamba yeye ndiye mwenye jukumu la kuzuia kila baya duniani. Mwanasaikolojia mwingine, Salkovskis, alilieleza vizuri hilo la jukumu mwaka 1985. Mtu aliyebeba jukumu la ukubwa huo akiwa mkali, unahitaji chuki iliyozikwa kueleza?

#14 Mpasuaji_Hoja
Umeeleza woga, hujaeleza ukali. Watu wenye woga wa kupanda ndege hawatukani mama zao.

#15 Kalamu_Kavu
Hapo umenibana, nakubali ni swali halali. Lakini tuanze na kipimo. Kwenye dodoso la Buss na Perry la 1992 hasira ni kitu kimoja, uhasama ni kingine: hasira ni damu kuchemka, uhasama ni ile hisia kwamba watu wanakuonea, wanakucheka, hawakutakii mema. Kufoka ukikatizwa ni hasira. "Mnataka niondoke" ni uhasama. Mwanandugu, anafoka tu au ameanza pia kuwashuku nia zenu?

Jambo lingine. Whiteside na Abramowitz mwaka 2004 walikuta watu wenye dalili za OCD wana hasira zaidi na wanashindwa kuidhibiti, lakini walipoondoa mchango wa sonona, tofauti ikapotea.

#16 Mchanganuzi
Basi jibu ni hilo. Sonona ndiyo inayoleta hasira, sonona ndiyo inayoua. OCD imesimama karibu tu inasingiziwa.

#17 Ukurasa_wa_Nyuma
Soma tena #4. Kwa hasira, sonona inaweza kuwa ndiyo maelezo. Kwa kujiua, Sweden waliondoa magonjwa mengine na hatari ikabaki. Kuna na Brazil, 2011, wagonjwa 582 wa OCD: 36% waliwahi kuwa na mawazo ya kujiua, 20% waliwahi kupanga, 11% waliwahi kujaribu. Sonona ilichangia, ndiyo. Lakini hata aina ya dalili ilichangia: waliokuwa na mawazo sumbufu ya kidini na ya kingono walikuwa na hatari zaidi. Sonona ingekuwa peke yake, aina ya wazo isingekuwa na maana.

#18 Sauti_ya_Chini
Ina maana sana. Mtu anayenawa mikono anaweza kuwaambia watu. Mwenye wazo la kukufuru au la kingono anakaa nalo miaka. Mimi nilikaa sita.

#19 Pilipili_Manga
Mimi naelewa kwa sababu na mimi nina OCD kidogo, kitanda kisipotandikwa vizuri siwezi kutoka nyumbani.

#20 Sauti_ya_Chini
Pilipili, sikukasirikii. Ukishatandika unajisikiaje?

#21 Pilipili_Manga
Vizuri. Naridhika.

#22 Sauti_ya_Chini
Mimi siridhiki. Hiyo ndiyo tofauti.

#23 Pilipili_Manga
Nimekuelewa dada. Nalifuta neno "kidogo" na nalifuta na OCD yenyewe.

#24 Mwalimu_Mstaafu
Nimwongezee Pilipili. Lugha yetu ilishatutangulia: "wasiwasi" tumelipokea kutoka Kiarabu, *waswas*, na asili yake ni mnong'ono, sauti inayokunong'oneza usiyoiita. Mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya mawazo haya kama maradhi ya nafsi yenye tiba yake, akayatenga na huzuni, hofu na hasira. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mtu aliona kwamba hasira ni mlango wake na wasiwasi ni mlango wake. Sisi humu tunauliza kama milango hiyo inafunguka chumba kimoja.

#25 Muuguzi_wa_Zamu
Shikamoo Mwalimu.

Turudi kwa mgonjwa. Hakuna aliyeuliza kuhusu dawa. Mwanandugu, anatumia nini, tangu lini, na kipimo kimebadilishwa lini? Dawa za kundi la sertralini na fluoksetini ndizo za kwanza kwa OCD, zinasaidia wengi, na mara nyingi zinahitaji kipimo kikubwa kuliko cha sonona na wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Lakini wiki za mwanzo, au baada ya kipimo kupandishwa, wachache wanapata kuhangaika, kukosa usingizi, hasira za ghafla. Marekani waliweka onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana mwaka 2004, na 2007 wakalipeleka hadi vijana wa miaka 24.

Sasa nisikilizwe vizuri: hii si sababu ya kuzificha dawa usiku huu. Kuacha ghafla nako kunaleta hasira na mahangaiko. Ni sababu ya kumpigia daktari.

#26 Mwanandugu
Nimewasoma wote, nashukuru sana. Sertralini, tangu mwaka jana. Kipimo kilipandishwa... wiki 14 zilizopita. Ukali ulianza karibu na hapo. Lakini pia ndipo alipoachishwa kazi, na ndipo sisi nyumbani tulipoamua kuacha kumjibu maswali yake baada ya kusoma mtandaoni kwamba kumjibu kunamlisha ugonjwa. Sijui kipi ni kipi.

Kalamu, ndiyo, ameanza kusema tunamsema akiwa hayupo. Ukurasa, hajawahi kujaribu, kwa ninavyojua.

#27 Jongoo_Mwitu
Kumbe kazi nilikisia.

#28 Mama_Wawili
Mwanandugu, hapo kwenye kuacha kumjibu ndipo roho yangu iliposhtuka.

Mwanangu wa kwanza alianza akiwa na miaka 12. Tulikuwa watumishi wa OCD yake. Nilikuwa nafua nguo mara mbili, nasema sentensi fulani kabla ya taa kuzimwa, baba yake anaingia kwa mlango wa nyuma tu. Siku tuliyochoka tukaacha vyote kwa mkupuo. Yule mtoto alivunja kioo. Alinipiga. Mimi nikaamini nimezaa mtu mkatili.

Mtaalamu ndiye aliyetufungua macho. Kuacha kumtumikia ugonjwa ni sahihi, lakini hakufanywi kama kukata umeme. Unachagua kimoja, unamwambia mapema, unamwambia unajua ni vigumu na unaamini ataweza, halafu unasimama hapo hapo. Yeye alifuata njia ya Lebowitz, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, inayowafundisha wazazi badala ya kumlazimisha mtoto. Kuvunja vitu kulipungua baada ya miezi kama minne. Hakukuisha mara moja.

#29 Kalamu_Kavu
Mama Wawili amesema kilicho sahihi kuliko vitabu vyangu. Nyongeza ndogo: tiba ya kukabili hofu bila kutekeleza tendo, iliyoanza na mwanasaikolojia Meyer huko London mwaka 1966, inafanywa na mgonjwa akiwa amekubali. Familia ikiianzisha peke yake, bila yeye, anaiona kama adhabu. Uhasama wa "mnanisema" unaweza kuanzia hapo.

#30 Fundi_Saa
Mnazunguka. Ni kemia. Mtafiti Åsberg wa Sweden, 1976: wagonjwa wa sonona waliokuwa na mabaki kidogo ya serotonini, kemikali ya ubongo, kwenye maji ya uti wa mgongo ndio waliojaribu kujiua zaidi. 1979 Marekani, wanajeshi wanaume: kadiri mabaki yalivyokuwa kidogo ndivyo historia ya ugomvi ilivyokuwa ndefu. OCD nayo inatibiwa kwa dawa za serotonini. Uzi mmoja umepita kwenye sindano tatu.

#31 Mchanganuzi
Ni nzuri mno hiyo, Fundi. Kwanza hao hawakuwa wagonjwa wa OCD. Pili, dawa za serotonini zinawafaa karibu nusu tu ya wenye OCD, hao wengine kemia yao ni ipi? Tatu, ukali unaotajwa kwenye tafiti hizo ni wa papo kwa papo, mtu asiyejizuia. Mwenye OCD anajizuia kupita kiasi.

#32 Fundi_Saa
Anayejizuia kupita kiasi ndiye akipasuka anapasuka vibaya. Soma tena mleta mada alivyomweleza mdogo wake.

#33 Upepo_wa_Kusi
Dada yangu alikuwa na OCD. Hatunaye sasa, mwaka wa nne. Sikuja kueleza ilivyotokea.

Nilitaka kusema kuhusu ile sentensi, "mngepumzika". Wangu naye aliisema, kwa namna nyingine, tena alipokuwa ametulia kabisa, hasira zimeisha wiki nzima. Sisi tulifurahi kwamba amepoa. Mwanasaikolojia Joiner alipoandika 2005 kwamba mtu hufika huko akijiona mzigo kwa wenzake na akijiona hana pa kuwa, nilijisikia kama aliishi kwetu. Usipime hatari kwa kelele. Pima kwa neno mzigo.

#34 Mama_Wawili
Pole sana Upepo. Tuko na wewe.

#35 Mwalimu_Mstaafu
Mungu amrehemu. Na wewe upate faraja.

#36 Mwanandugu
Nimemuuliza. Nilitumia neno lenyewe, Muuguzi, sauti ikanitetemeka. Alinyamaza muda mrefu. Akasema: "Wazo linakuja kila siku. Sijui kama ninataka au ninaogopa kwamba nitataka." Hana mpango, hana namna aliyoifikiria. Miadi tumeipata kesho asubuhi. Lakini tangu nimuulize ameniuliza mara 11: "Una hakika sitajiua?" Nimjibu nini?

#37 Kalamu_Kavu
Kauli hiyo ni ya OCD kwa kiasi kikubwa. Kuna watu wenye hofu ya kujiua kama wengine walivyo na hofu ya uchafu: wanaficha visu, hawalali, na hawataki kufa hata kidogo. Kwa hao, kila "nina hakika" ni chakula cha ugonjwa.

#38 Muuguzi_wa_Zamu
Sikubaliani kumpa mtu lebo hiyo kupitia maandishi. Hofu ya kujiua na hamu ya kujiua zinaweza kukaa kwa mtu mmoja, na huyu amesema mwenyewe hajui. Mpaka daktari amwone, itendewe kama hatari. Akiuliza mara ya 12, ajibiwe.

#39 Kalamu_Kavu
Ajibiwe, lakini si kwa hakika ambayo Mwanandugu hana. "Sijui kesho, najua niko hapa usiku huu" ni jibu pia.

#40 Sauti_ya_Chini
Mimi usiku wa namna hiyo majibu sikuyakumbuka hata moja. Kaka yangu alileta godoro akalala mlangoni kwangu. Hilo nalikumbuka.

#41 Mwanandugu
Amelala sasa. Niko kwenye kiti hapa chumbani kwake. Ukurasa, nisaidie maswali ya kumpelekea daktari kesho, kichwa changu hakifanyi kazi.

#42 Ukurasa_wa_Nyuma
Andika tarehe kwanza: kipimo kilipopanda, kazi ilipoisha, mlipoacha kumjibu, siku ya kwanza alipofoka. Tarehe zitamsaidia daktari kutenganisha dawa na mengine. Kisha uliza: sonona imepimwa peke yake au imehesabiwa ndani ya OCD? Kuna pombe au kitu kingine anachotumia? Nani atamwona kwa tiba ya mazungumzo, na familia itafundishwa na nani? Na neno lake lipeleke kama alivyolisema, usilisafishe.

#43 Jongoo_Mwitu
Mkuu, mimi nilianza vibaya kwenye #2 na naomba radhi kwa hilo. Naongeza moja tu. Tuna Freud, serotonini, sonona, dawa, kazi, na familia iliyoacha kujibu. Yeye mwenyewe anadhani hasira yake inatoka wapi? Akiamka muulize hilo njiani, kabla hamjafika.